Je, wajua? Kwa nini dawa za kusisimua misuli zingemfaa hata mchezaji mwembamba wa kikapu

Kwa miaka mingi swali hili nililijibu kabla muulizaji hajafunga mdomo. Je, dawa za kusisimua misuli zingemsaidia mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu? Hapana, nilisema. Steroidi ni za watunisha misuli, wanyanyua vyuma na wakimbiaji wa mita 100. Kikapu ni urefu, na mtu mzima harefuki kwa sindano. Ni shabaha, na shabaha haiuzwi kwenye kichupa. Ni akili ya kusoma mchezo, nayo hainyweki.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ilinikaa kichwani muda mrefu. Chukua mchezaji wa kilo 100 ambaye nyayo zake hupanda sentimita 70 juu ya sakafu akiruka. Mwongezee kilo 6 za nyama kifuani na mabegani. Miguu ni ileile, lakini sasa inanyanyua kilo 106, na zile sentimita 70 hazifikii tena. Kila akitua, magoti yanapokea uzito huo mpya ukiwa umezidishwa mara kadhaa. Maumivu ya kano iliyo chini ya pia ya goti tayari ni ugonjwa wa kawaida kwa watu wa kikapu na voliboli, na kano hazikui kwa kasi ya misuli. Zipo ripoti za kano kukatika kwa watumiaji wa steroidi, ingawa nyingi ni za mgonjwa mmojammoja au za wanyama wa maabara, kwa hiyo nisizitegemee kupita kiasi.

Hadi hapo nilikuwa sawa. Kosa langu lilianzia kwenye jina.

Tunaziita dawa za kusisimua misuli. Kusisimka, kwa Mswahili, ni jambo la papo hapo: unapigwa na baridi au unasikia kitu cha kutisha, vinyweleo vinasimama, kisha mambo yanatulia. Nami nikajenga picha ya mchezaji anayemeza kidonge kwenye chumba cha kubadilishia nguo, misuli ikasisimka, akaingia uwanjani anadunda kuliko mpira wenyewe. Vipo vitu vinavyokaribia picha hiyo, yaani vichangamshi kama amfetamini na ndugu zake. Wachezaji Lindsey Hunter mwaka 2007 na Darius Miles mwaka 2008 walifungiwa mechi 10 kila mmoja na NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, kwa sababu ya fentamini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyo kwenye ukoo huo. Steroidi, hata hivyo, hazifanyi kazi hivyo. Anayejidunga asubuhi ya mechi hana sababu ya kutarajia kuruka zaidi jioni yake. Kazi ya dawa hiyo huanza watazamaji wakisharudi nyumbani, na hudumu kwa siku na wiki bila kusisimua chochote.

Picha yangu ya pili ilikuwa kwamba anayetumia lazima aonekane. Kama hakuna shingo nene wala mikono kama magogo, basi hakuna dawa. Kilichonivuruga hapo ni baiskeli. Mwaka 2006 Floyd Landis alimaliza mbio za Tour de France akiwa wa kwanza, kisha akavuliwa ushindi baada ya vipimo kuonyesha testosteroni ya kutengenezwa, yaani ile homoni ya kiume ambayo steroidi hizi huiiga. Mpanda milima kwa baiskeli hukonda kwa makusudi. Kila kilo ya ziada ni adui anayepanda naye mlimani. Sasa kama testosteroni ni ya kutunisha kifua tu, mtu wa namna hiyo anaitakia nini? Swali hilo lilinilazimu kusoma upya kila nilichodhani nakijua.

Wingi wa misuli unategemea dozi, vyuma na chakula. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa mwaka 1996 uliofanyika Marekani: wanaume 43, wiki 10, baadhi wakidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki, kiasi kikubwa kupita kinachotumika hospitalini kuwatibu waliopungukiwa, na wengine wakidungwa kitu kisicho na dawa. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza kilo 2 hivi za mwili usio na mafuta. Waliopata dawa bila kugusa chuma waliongeza kilo 3 hivi. Waliopata vyote viwili waliongeza kama kilo 6. Angalia hilo kundi la katikati, maana mimi nililirudia mara mbili nikidhani nimesoma vibaya. Watu hawakufanya mazoezi ya kuinua chochote na bado waliwapita waliotoka jasho. Maana yake mwili ulikuwa unajenga hata ukiwa umekaa, na kwa mchezaji wa kikapu hilo la kujenga ukiwa umekaa ndilo lenye thamani.

Msimu wa kawaida wa NBA una mechi 82, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Aprili. Ni kama mechi moja kila baada ya siku mbili, na katikati yake kuna ndege, hoteli na mabadiliko ya saa. Ndani ya mechi yenyewe hakuna kutulia: watafiti waliowafuatilia wachezaji wa ligi ya Australia miaka ya 1990 walihesabu takriban mijongeo 1,000 kwa mchezaji mmoja, yaani aina ya mwendo hubadilika karibu kila sekunde 2. Anakimbia, anafunga breki, anarudi kinyumenyume, anaruka, anatua. Kufunga breki na kutua ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu msuli unavutwa urefuke huku wenyewe ukikaza kupinga. Hapo nyuzinyuzi zake huchanika kidogokidogo.

Ili kuona dawa inaingilia wapi, fikiria uzi mmoja wa msuli kama barabara ndefu. Ni seli moja, lakini ni ndefu mno kiasi kwamba kiini kimoja hakiwezi kuisimamia, kwa hiyo ina viini vingi vilivyotandazwa urefu wake wote. Kila kiini ni kama msimamizi wa ujenzi aliyekabidhiwa kipande chake: ana ramani, anaagiza vifaa, anaona mashimo kwenye eneo lake na si kwa jirani. Kando ya barabara, nje kidogo ya lami, kuna mahema. Humo wamelala vibarua wa akiba, yaani seli ndogo zilizojibanza ubavuni mwa uzi wa msuli zikisubiri kuitwa. Mechi ni msafara wa malori. Yakipita, lami inabonyea na kupasuka. Wasimamizi wanapiga kelele, baadhi ya vibarua wanaamka, wanaziba mashimo, na wachache wao wanaingia kazini moja kwa moja na kuwa wasimamizi wapya.

Ukarabati huo huchukua siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Shida ya mchezaji wa NBA ni kwamba msafara mwingine unafika lami ikiwa bado ya moto.

Testosteroni haiyapi malori mwendo. Inaingia kwenye seli, inajishikiza kwenye kipokezi chake, vinafuatana hadi kwenye kiini, na huko ramani za kutengeneza protini zinafunguliwa kurasa nyingi kuliko kawaida. Inakwenda pia kwenye mahema na kuamsha vibarua wengi zaidi. Kwa lugha ya barabarani, inaongeza zamu ya usiku. Ukiongeza zamu ya usiku na malori mengi ya kokoto, yaani vyuma na chakula kingi, utapata barabara pana, na huyo ndiye mtunisha misuli. Ukiongeza zamu ya usiku kwenye barabara inayopigwa kila baada ya siku mbili, huenda upana usibadilike hata kidogo. Mashimo tu yanazibwa mapema. Mtu wa aina hiyo ukimwona akiwa na fulana ya timu hutamshuku.

Naandika "huenda" kwa makusudi. Hakuna anayeruhusiwa kuwagawia wachezaji wa kulipwa steroidi ili apime nani ana miguu yenye uhai zaidi kwenye mechi ya 60. Kwamba testosteroni hujenga msuli, hilo halina ubishi. Kwamba huharakisha kupona kati ya mechi na mechi, ushahidi wake unatoka zaidi kwa wanyama na kwa maneno ya watumiaji wenyewe, ambao hawakuwa wakijilinganisha na mtu. Wapo pia panya wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013: walipewa testosteroni kwa siku 14 tu, misuli ikanenepa na viini vikaongezeka. Dawa ilipoachwa misuli ilirudi saizi yake, lakini viini vilibaki kwa angalau miezi 3, na panya hao walipopewa kazi ngumu baadaye misuli yao ilipanda haraka kuliko ya wenzao. Lami ilirudi upana wa zamani ila wasimamizi hawakwenda kwao. Ikiwa binadamu naye yuko hivyo, basi adhabu ya NBA ya mechi 25 kwa kosa la kwanza huisha mapema kuliko faida. Lakini panya ni panya.

Orodha ya walionaswa inasema kitu, ingawa ni fupi. Hedo Turkoglu alifungiwa mechi 20 mwaka 2013 kwa metenoloni, steroidi ya kizamani kabisa. Huyu alikuwa mtu wa mita 2.08, mwembamba, aliyejulikana kwa pasi na mitupo ya mbali. Katika kikosi chochote angekuwa wa mwisho kunyooshewa kidole. Maelezo yake yalikuwa kwamba alipewa dawa nyumbani Uturuki ili bega lake lililoumia lipone haraka. Joakim Noah, aliyefungiwa mechi 20 mwaka 2017 kwa kitu kinachobonyeza kipokezi kilekile cha testosteroni bila kuwa steroidi, naye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Mwaka 2019 John Collins na Wilson Chandler walipewa mechi 25 kila mmoja kwa vitu vinavyousukuma mwili utoe homoni ya ukuaji. Wote wanne ni watu warefu, na hakuna kati yao mwenye kifua cha jukwaani.

Na ile shabaha isiyouzwa kwenye kichupa? Ni kweli haiuzwi, lakini ina mlango wa nyuma. Mtupo wa mbali huanzia miguuni: magoti yanakunjuka, nguvu inapanda kiunoni hadi kwenye kifundo cha mkono. Miguu ikichoka, mpira unafika pungufu na kugonga ukingo wa mbele wa ringi. Makocha huliona hilo robo ya nne na kumtoa mtu bila kuuliza. Dawa haimfundishi mtu kulenga. Inaweza tu kumrudishia miguu aliyojifunzia kulenga.

Dawa nyingine nitazipitia haraka. EPO huongeza chembe nyekundu za damu, na kinadharia ingemsaidia mchezaji kurudisha pumzi upesi kati ya mbio fupi na nyingine. Lakini utafiti wa mwaka 2017 uliowapa EPO waendesha baiskeli wazuri haukuona tofauti walipopanda mlima Ventoux nchini Ufaransa, ingawa vipimo vya maabara vilikuwa vimepanda. Homoni ya ukuaji ilijaribiwa kwa wanamichezo 96 wa ridhaa mwaka 2010: nguvu haikuongezeka, mbio fupi za baiskeli ziliboreka kwa asilimia 4 hivi, na sehemu ya "misuli" iliyoongezeka ilikuwa maji.

Dawa ninayoipenda kwa ajabu yake ni kizuizi cha beta, dawa ya moyo inayotuliza mapigo na kuondoa mtetemo wa mikono. Mlenga shabaha wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali mbili za Olimpiki ya 2008 kwa kuitumia. Kikapu kina sekunde chache zinazofanana kabisa na ulengaji shabaha: mtupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye ubao, saa imesimama, hakuna anayekuzuia isipokuwa moyo wako. Kwa zaidi ya nusu karne wastani wa NBA wa mitupo hiyo haujatoka kati ya asilimia 70 na 80, pamoja na maendeleo yote ya ukocha. Orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ambayo shirikisho la kikapu duniani FIBA huifuata, inavikataza vizuizi vya beta kwenye upigaji mishale, gofu, hata dati, ule mchezo wa kurusha vishale ubaoni. Kikapu hakimo. Nadhani sababu ni rahisi: moyo uliotulizwa hauwezi kukimbiza mtu dakika 30, na ungetakiwa umeze dawa kwa ajili ya mitupo sita kisha uzembee mchezo mzima uliobaki.

Ukitafuta kitu kilichopimwa kwa wachezaji wa kikapu wenyewe, kikaleta nafuu ya aina tuliyoizungumza, utaishia kwenye usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaomba wachezaji 11 wa timu ya chuo walenge kukaa kitandani saa 10 kila usiku kwa wiki 5 hadi 7. Mitupo huru iliboreka kwa asilimia 9, mitupo ya pointi tatu kwa kiasi kama hicho. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, wachezaji walijua wanachopimwa, na huenda wangeboreka kwa mazoezi tu. Mbio zao za mita 86, za kwenda na kurudi uwanjani, zilishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5. Kwa mwendo huo ni pengo la karibu mita 4 kati ya mchezaji aliyelala na yeye mwenyewe wa wiki zilizopita.