"Mvurugiko wa homoni" si jina la ugonjwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa miaka 31, anayetafuta mtoto kwa mwaka wa pili sasa, aliweka mezani kwangu karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, na kando yake chupa mbili za unga wa mizizi. "Daktari, nimeambiwa homoni zimevurugika." Mbele ya LH, homoni inayochochea yai kutoka, palikuwa na herufi H, yaani kipimo kimezidi kiwango, na mtu alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Nilimuuliza damu ilitolewa siku ya ngapi tangu aanze kuona hedhi. Alihesabu kwa vidole, akasema siku ya 13.

Nimechoka kusikia kwamba "homoni zimevurugika", na siwalaumu wagonjwa. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 kama wake, LH hupanda ghafla saa 36 hivi kabla ya yai kutoka, na isipopanda yai halitoki. Kwa hiyo yaelekea kilichozungushiwa wino mwekundu kilikuwa dalili kwamba ovari zake zinafanya kazi, naye alikuwa akinywa dawa ya kukiponya.

Homoni za uzazi hupanda na kushuka kila mwezi, na namba isiyo na siku ya mzunguko haisomeki. FSH (homoni inayokuza mayai), LH na estrojeni hupimwa kati ya siku ya 2 na ya 5. Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ndiyo inayokosewa zaidi, kwa sababu "siku ya 21" imekaririwa hata na sisi madaktari, ilhali maana yake ni siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21, yai lake ndiyo kwanza linatoka. Projesteroni itaonekana iko chini na ataambiwa kwamba mayai yake hayapevuki, wakati alipaswa kupimwa siku ya 28. Ndiyo maana huanza na kalenda kabla ya sindano: hedhi inayorudi kwa mpangilio, kila baada ya siku 24 hadi 38, kwa kawaida huonyesha kwamba mayai yanapevuka.

Sisemi kwamba homoni haziharibiki. Hedhi ikikatika, mimba hupimwa kwanza, kisha tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo hupandishwa hata na dawa ya kawaida ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi. Aliyetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu anaweza kusubiri karibu mwaka mzima kabla ya kushika mimba, na kuchelewa huko si uharibifu. Aliyewahi kumwaga damu nyingi wakati wa kujifungua nitamuuliza kama maziwa yalitoka, kwa sababu tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikikosa damu saa ile hufa sehemu yake, na mama huyo huweza kuishi miaka mingi bila hedhi, mchovu na mwenye kuhisi baridi, akiambiwa amerogwa. Huo ni upungufu halisi wa homoni, una jina, nao hutibiwa kwa kurudishiwa homoni zilizokosekana.

PCOS, yaani tatizo la ovari zenye vifuko vingi, ndipo ninaposita. Kwa vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, zinatakiwa dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Mmoja ana ndevu na hedhi mbovu, mwingine hana hata unywele wa ziada, na wote wanapewa jina moja. Mpaka huo uliwekwa kwa makubaliano, na mara nyingine ninaandika jina hilo kwenye faili bila kuwa na hakika kwamba wagonjwa wangu wawili wa asubuhi moja wanaumwa kitu kimoja. Ninachokataa kabisa ni kumpa binti jina hilo kwa picha ya utrasaundi, ilhali haijatimia miaka 8 tangu avunje ungo, kwa kuwa ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida.

Dada yule hedhi yake inakuja kila baada ya siku 28 bila kukosa. Mirija yake haijawahi kuangaliwa, na katika muda wote huo hakuna aliyemwambia mumewe apime mbegu.