Gari linanuka fangasi na mtoto anakohoa: maswali mnayoniuliza kuhusu kusafisha gari ndani

Tangu mvua zishike hapa Mbeya naulizwa maswali yaleyale, zahanati, kanisani, hata nikiwa nachagua nyanya Mwanjelwa mtu ananishika mkono sista hebu nisaidie gari langu. Mi ni nesi sio fundi, ila hili jambo linagusa vifua vya watoto wetu na nimelipitia mwenyewe, kwa hiyo nayajibu hapa yote.

Swali: Sista shikamoo. Gari langu linanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Napuliza pafyumu haisaidii, na mwanangu ana pumu.

Marahaba mdogo wangu. Hiyo harufu ndo fangasi wenyewe. Kitambaa kikikaa na unyevu siku moja mpaka mbili tu wanaanza kuota, na huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili huko, Tukuyu ndo usiseme kabisa, gari linaweza kumaliza wiki nzima halijaona jua. Sasa sisi kwa sababu ya baridi tunapandisha vioo vyote, yani tumejifungia kwenye kachumba kadogo na vumbi la fangasi, tunalivuta. Pua inawasha, macho yanatoa machozi, kikohozi kikavu, na mwenye pumu kifua kinambana kabisa. Pafyumu inafunika harufu tu, alafu yenyewe nayo inaweza kumwamshia pumu, itoe.

Wangu wa pili alikuwa anakohoa tukiwa kwenye gari, akishuka anatulia. Nikaosha siti mara mbili, wapi. Siku moja nikafunua kapeti ya chini upande wa abiria wa mbele nikabonyeza lile sponji la chini yake kwa kidole, maji yakatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mgongoni mwa kapeti madoa meusi madogo madogo kama pilipili manga iliyomwagika. Kumbe majani ya mkaratusi yameziba tundu la kutolea maji pale chini ya waipa, mvua ikinyesha maji badala ya kushuka nje yanaingia ndani. Ningeosha siti mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujanunua sabuni yoyote tafuta kwanza maji yanaingilia wapi, angalia hilo tundu, angalia raba za milango na za buti, na bomba la AC linalodondosha maji chini ya gari, likiziba maji yanarudi ndani miguuni.

Swali: Sina mashine ya kunyonya vumbi, naanzaje nyumbani?

Unaweza vizuri tu. Chagua siku yenye jua, anza saa tatu asubuhi, kama wingu limekaa ahirisha, nasema kweli ahirisha, maana kuosha ni rahisi ila kukausha ndo kazi yenyewe na wengi ndo tunapokosea. Vaa barakoa na glavu, fungua milango yote, mtoto mwenye pumu asiwe karibu. Toa mati, toa takataka, alafu vumbi usilifagie kavu, utalirusha lote hewani ulivute, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo.

Siti za kitambaa chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, koroga mpaka lipande povu, chovya brashi kwenye povu sio kwenye maji, sugua kipande kidogo, futa hapohapo na taulo kavu, hamia kipande kingine. Usimwage ndoo ndani ya gari kama wale vijana wa kuosha magari wanavyofanya, sponji la siti likishanywa maji halikauki leo wala kesho, na chini ya siti kuna nyaya, zile soketi za njano ni za eabegi, usizichezee wala kuzilowesha. Mkanda vuta wote mpaka mwisho, sugua na sabuni laini, uache ukiwa umevutwa mpaka ukauke ndo uurudishe.

Sehemu yenye fangasi pulizia siki nyeupe, acha kama saa moja, sugua, futa. Fangasi wakishaingia ndani ya sponji lililooza hapo hakuna dawa, badilisha sponji. Ukimaliza acha milango wazi juani, jioni bonyeza siti kwa karatasi ya chooni, karatasi ikilowa bado haijakauka na usifunge vioo.

Swali: Si niweke jiki tu niue kila kitu?

Hapana dada. Jiki inakula rangi ya siti na inadhoofisha mkanda, ambao ndo unakushika siku ya ajali pale Kitonga au Igawilo. Na kubwa zaidi, jiki ikikutana na siki au dawa ya kusafishia choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, ikikutana na dawa ya vioo yenye amonia inatoa gesi nyingine mbaya vilevile. Ndani ya gari gesi hiyo haina pa kwenda, inaenda kwenye mapafu yako. Ukianza kuwashwa koo na macho toka nje haraka uvute hewa safi, usirudi kumalizia.

Swali: Petroli kutoa doa la grisi?

Usithubutu. Mvuke wake ni mzito, unatulia chini kwenye kapeti na cheche moja tu inatosha. Grisi inatoka na sabuni ya vyombo.

Swali: Juni baridi kali, naweza kuwasha gari na hita likauke likiwa bandani?

Mlango wa banda ukiwa umefungwa hapana, na hata ukiwa wazi toa gari nje kabisa. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, haina harufu, inaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, mtu anajua ni uchovu, analala haamki. Na jiko la mkaa usiingize kwenye gari hata kidogo. Mkaa ambao haujawashwa ndo unaruhusiwa, weka kwenye kikapu chini ya siti unapunguza harufu.

Swali: Baada ya hapo nailindaje?

Mati za raba, mwamvuli uliolowa uweke kwenye mfuko, na filta ya AC, kwenye gari nyingi ndogo za Japani iko nyuma ya droo ya dashibodi, badilisha angalau mara moja kwa mwaka. Polishi ya kung'arisha usipake usukani wala pedeli, zinateleza.

Swali: Mzee wangu analima viazi Umalila, dawa ya shamba imemwagikia siti ya nyuma. Nifue?

Hii usiipeleke kwa haraka. Watoto wasipande kabisa. Vaa glavu ndefu na barakoa, mwagia mchanga mkavu au maranda inyonye, zoa yote kwenye mfuko ufunge, usisugue kwanza maana unaizamisha. Alafu ndo sabuni na maji kidogo, mara kadhaa, na maji hayo yasiende mtoni wala kisimani. Ikiwa imezama kwenye sponji toa sponji lote. Mtu aliyegusa akianza kutoka jasho jingi, mate, kutapika au kuona ukungu machoni, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, mkimbize hospitali na mje na chupa ya dawa yenyewe ikiwa na lebo yake.