Uwanja wa Uhuru wa Tbilisi na historia ya mikusanyiko yake

Uwanja wa Uhuru, ambao wenyeji huuita Tavisuplebis Moedani, ni eneo la wazi katikati ya Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, ile nchi ya Kaukazi na si jimbo la Marekani. Barabara sita hukutana hapo, magari huzunguka kipilefti mchana kutwa, na katikati ya kipilefti hicho imesimama nguzo yenye urefu wa mita 35 hivi, ambayo juu yake sanamu ya dhahabu ya Mtakatifu George humchoma joka mkuki. Upande mmoja lipo jengo la baraza la jiji lenye mnara wa saa. Upande mwingine inaanzia Barabara ya Rustaveli, na ukiifuata kwa dakika chache tu za kutembea unafika mbele ya bunge. Mpangilio huo ndio unaoeleza sehemu kubwa ya historia ya mahali hapa: mwenye neno la kuiambia serikali hukutana na wenzake uwanjani, kisha wote huelekea bungeni kwa miguu.

Katika siasa za miji, uwanja wa namna hii ni zaidi ya nafasi isiyojengwa. Ni mahali ambapo mtawala hujionyesha kwa wananchi, kwa jina, kwa sanamu na kwa gwaride, na ambapo wananchi nao hujionyesha kwa mtawala kwa wingi wao. Uwanja wa Tbilisi umetumika kwa njia zote mbili, mara nyingine katika wiki moja.

Chini ya dola ya Urusi uliitwa Uwanja wa Erivan, kwa heshima ya jenerali Ivan Paskevich, aliyepewa cheo cha Kabaila wa Erivan baada ya kuuteka mji huo kutoka kwa Waajemi mwaka 1827. Mji wenyewe ndio Yerevan ya leo, nchini Armenia. Kwa hiyo Wageorgia walikuwa wakifanya biashara na kupiga soga katika uwanja uliobeba sifa za ushindi wa mtu mwingine dhidi ya watu wengine. Georgia ilipotangaza uhuru wake tarehe 26 Mei 1918 uwanja ukaitwa wa Uhuru kwa mara ya kwanza, lakini Februari 1921 Jeshi Jekundu la Wasovieti liliingia mjini na jamhuri hiyo changa ikaanguka. Wasovieti waliupa kwa muda jina la Lavrentiy Beria, mkuu wa polisi wa siri aliyekuwa mzaliwa wa Georgia, na baadaye jina la Lenin, ambaye sanamu yake kubwa ilisimamishwa hapo hadi ilipong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, utawala huo ulipokuwa ukikata roho.

Tukio lililoufanya uwanja huu ujulikane duniani halikuwa mkutano wa hadhara hata kidogo. Tarehe 26 Juni 1907, kwa kalenda ya sasa, gari la farasi lililokuwa likipeleka fedha katika tawi la Benki ya Taifa lilishambuliwa hapo kwa mabomu na bastola na kundi la Wabolsheviki, wanamapinduzi wa Urusi walioongozwa na Lenin. Kiongozi wao uwanjani alikuwa Simon Ter-Petrosian, maarufu kwa jina la Kamo, aliyejivika sare ya ofisa wa wapanda farasi; nyuma ya mpango walikuwapo Lenin na kijana mmoja wa Georgia ambaye baadaye angejiita Stalin. Watu wapatao 40 waliuawa, wakiwamo wapita njia, na rubli zaidi ya 240,000 zikatoweka. Faida ilikuwa ndogo kuliko damu iliyomwagika, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha ilikuwa noti za rubli 500 ambazo namba zake polisi walizijua, na waliojaribu kuzibadilisha Ulaya walikamatwa. Si ajabu kwamba Stalin alikuwa akilifahamu vizuri eneo hilo: jengo la seminari aliyosomea upadri kabla ya kuingia katika mapinduzi lipo hatua chache tu kutoka uwanjani.

Mikusanyiko ya kisiasa kama tunavyoielewa leo ilipata nguvu mwishoni mwa enzi ya Kisovieti. Yaliyotokea tarehe 9 Aprili 1989, wanajeshi walipowavamia waandamanaji kwa sepetu na gesi na kuua watu wapatao 20, wengi wao wanawake, yalitokea mbele ya jengo la serikali katika Barabara ya Rustaveli, si uwanjani penyewe. Hata hivyo mahali hapo pawili hapatenganishiki katika kumbukumbu za wakazi, na umati ukizidi upande mmoja hufurikia upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2003, baada ya uchaguzi uliojaa udanganyifu, pale wafuasi wa kiongozi wa upinzani Mikheil Saakashvili walipoingia bungeni na mawaridi mikononi, na Rais Eduard Shevardnadze akajiuzulu tarehe 23, siku ambayo Wageorgia huadhimisha Mtakatifu George. Nguzo ya dhahabu, kazi ya mchongaji Zurab Tsereteli, ilizinduliwa tarehe hiyohiyo mwaka 2006, na hapo mtu hahitaji kuambiwa serikali mpya ilitaka ikumbukwe kwa lipi.

Mei 2005, Rais George W. Bush wa Marekani alihutubia makumi ya maelfu ya watu uwanjani hapo. Mtu mmoja alirusha guruneti lililoviringishwa leso kuelekea jukwaani, lakini halikulipuka, kwa sababu leso ilikuwa imelibana mno.

Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa bunge, wanaotaka nchi ijiunge na Umoja wa Ulaya walijaa uwanjani tarehe 20, na chama tawala cha Georgian Dream kikafanya mkutano wake mkubwa mahali hapohapo tarehe 23. Upinzani ulipoyapinga matokeo ya uchaguzi, na serikali nayo ikaahirisha mazungumzo ya kujiunga na Umoja huo, waandamanaji walirudi Rustaveli usiku baada ya usiku, na Desemba bunge likapandisha faini ya kufunga barabara kutoka lari 500 (lari ni sarafu ya Georgia) hadi 5,000. Sheria hiyo iliugusa uwanja moja kwa moja: kwa kuwa katikati yake ni kipilefti, umati wowote mkubwa ukishajaa kando ya barabara hauna pa kusimama ila panapopita magari.