Kwa Nini Visima vya Shela Vina Maji Matamu Ilhali Bahari Iko Karibu?

Kisiwa cha Lamu hakina mto, na pande zote kimezungukwa na maji ya chumvi. Hata hivyo, kwa vizazi vingi mji wa Lamu umekunywa maji ya visima vya Shela, kijiji cha kisiwani humohumo, vilivyochimbwa penye vilima vya mchanga vinavyoikabili bahari kuu. Maji hayo hutoka wapi?

Jibu lililozoeleka ni kwamba mchanga huchuja chumvi: maji ya bahari hupenya chini ya vilima, chumvi ikabaki njiani, nayo yakafika kisimani yakiwa matamu. Maelezo haya yana mvuto kwa sababu nusu yake ni kweli. Mchanga huzuia tope, takataka na hata sehemu ya vijidudu. Lakini chumvi ikishayeyuka haibaki kuwa punje ya kunaswa. Hugawanyika kuwa chembe ndogo mno, ambazo hupita katika mianya ya mchanga kwa wepesi uleule wa maji yenyewe. Anayetaka kuhakikisha na atoboe ndoo chini, aijaze mchanga uliooshwa vizuri, kisha apitishe humo maji ya bahari mara nyingi apendavyo: yatatoka maangavu, na yatatoka na chumvi yake. Lau mchanga ungekuwa na uwezo huo, kisima chochote cha ufuoni katika pwani yetu kingekuwa na maji matamu.

Maji ya Shela ni mvua. Sehemu kubwa hunyesha wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, na ikiangukia mchanga mlegevu wa vilima haitiririki kurudi baharini, bali huzama upesi kabla jua halijaikausha.

Chini ya vilima ndiko kwenye ajabu yenyewe. Mvua inayozama huukuta mchanga uliokwisha kulowa maji ya bahari, ambayo ni mazito kuliko maji matamu kwa takribani asilimia 2.5, na kwa tofauti hiyo ndogo maji matamu huelea juu yake. Jahazi tupu huelea juujuu. Likipakiwa, huisukuma bahari na kuzama mpaka uzito wake ulingane na uzito wa maji liliyoyaondoa. Mvua ni shehena: masika yakiipakia, maji matamu huzama zaidi na kuisukuma chumvi chini na pembeni, kiangazi na uchotaji vikiipakua, tumbo la jahazi hupanda, na chumvi hupanda pamoja nalo. Hesabu ya msawazo huo ilielezwa na Mholanzi Badon Ghijben mwaka 1888, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 chini ya usawa huo. Uwiano huo ni wa maji yaliyotulia. Penye maji kujaa na kupwa kila siku, mpaka wa chumvi na utamu huvurugika ukawa ukanda mpana wa maji ya chumvichumvi, kwa hiyo akiba halisi huwa pungufu.

Ng'ambo ya mkondo, katika kisiwa cha Manda, mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi, ingawa magofu peke yake hayatoshi kulithibitisha hilo. Masimulizi ya Shela husema kwamba wenyeji wa Takwa walihamia huko, na watu wa Shela wamedumisha desturi ya kuvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la mnara la Takwa.

Hesabu hiyohiyo huonyesha kwa nini kuchimba kisima kirefu zaidi Shela hakuongezi maji ya kunywa, bali humkaribisha mchimbaji kwenye chumvi. Pampu yenye nguvu ikivuta mahali pamoja, chumvi huinuka chini yake kama kilele, na kisima huweza kuharibika hata kama vilivyo jirani bado ni vitamu. Visima vingi vifupi vilivyotawanyika, vinavyochotwa polepole, hutoa maji mengi zaidi kwa usalama kuliko kisima kimoja kikubwa.