Kwa nini suti ya kodrai haivaliwi kama suti nyingine?

Piga pasi suruali ya suti ya sufu, mkunjo wa mbele utasimama siku nzima. Fanya hivyohivyo kwa kodrai, ile pamba nzito yenye mistari iliyoinuka, na kufikia jioni mkunjo umepotea, magoti yametuna, na pasi ilipokandamiza pamebaki alama inayong'aa. Fundi hana kosa hapo. Kitambaa kimefumwa hivyo, na ulaini huo ndio uliowafanya wanachuo wa Marekani wakipende.

Kodrai ni ndugu wa mahameli. Mfumaji huanza na mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) wa kawaida, kisha huongeza mshindio wa pili unaoruka juu ya nyuzi kadhaa za mtande na kuacha vitanzi vilivyolala kwa safu. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo, visu vyembamba hupita ndani ya vitanzi na kuvikata katikati. Ncha zilizokatwa zikipigwa brashi husimama kama manyoya, na hapo ndipo yanapopatikana matuta. Huko Lancashire, Uingereza, katika karne ya 19, ukataji huu ulifanyika kwa mkono: mkataji alitembea kando ya meza ndefu na kisu chake chembamba, safu moja baada ya nyingine, na mkono ukitetereka kidogo tu kitambaa kimetoboka. Kwa Kijerumani kodrai huitwa pia Manchester hadi leo, jina la mji wa eneo hilo. Ile hadithi kwamba jina lake la Kiingereza, corduroy, lina maana ya kamba ya mfalme kwa Kifaransa haina msingi. Wafaransa wenyewe husema velours côtelé, yaani mahameli yenye mbavu.

Unene wa tuta hupimwa kwa kuhesabu. Weka rula kukata mistari, hesabu matuta ndani ya inchi moja. Namba ikiwa ndogo, tuta ni nene. Yako manene ya 4 na membamba ya zaidi ya 20. Kodrai ya kawaida ya suruali ina 11 hivi. Kwa suti, 8 hadi 11 ndiyo nafasi nzuri. Chini ya hapo koti linakuwa zito na kumnenepesha mvaaji, na ukipita 16 unapata kitambaa cha shati, kisicho na nguvu ya kubeba koti.

Huko Uingereza kodrai ilikuwa nguo ya vibarua, wakulima na watu wa kuwinda. Marekani iliingia vyuoni mapema: pale Purdue, Indiana, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walianza mwaka 1904 kuvaa suruali za kodrai za njano na kuzichorachora. Lakini suti kamili ni habari ya vyuo vya mashariki kama Yale, Harvard na Princeton, na ya maduka yaliyowavisha wanafunzi wake, kama J. Press, lililofunguliwa New Haven mwaka 1902. Mtindo huo huitwa Ivy, kwa jina la kundi la vyuo hivyo (Ivy League), au preppy, jina lililotokana na shule za binafsi zinazowaandaa vijana kuingia vyuo hivyo. Hadi miaka ya 1960 hukuweza kuingia ukumbi wa chakula wa Yale bila koti na tai. Suti ya kodrai ilitimiza sharti hilo, na bado kijana angeweza kukaa nayo kwenye nyasi, kuiendeshea baiskeli, kuilalia maktaba.

Ukataji wa koti la Ivy unaifaa kodrai kuliko ukataji mwingine wowote. Mabega hayana pedi, au yana pedi nyembamba sana. Mbele hakuna mishono ya kubana kiuno. Vifungo ni vitatu, lakini ukosi hujiviringa ukakimeza cha juu, hivyo unafunga cha kati peke yake. Mifuko hubandikwa kwa nje. Kodrai ni nene, na kila mshono wa ziada ni kinundu. Koti lenye mishono michache hutulia mwilini. Bitana inaweza kuishia nusu ya mgongo, ila mikono lazima iwe nayo yote, la sivyo manyoya yatang'ang'ania shati kila unapovaa.

Sasa jambo linaloharibu suti nyingi. Pitisha kiganja juu ya kitambaa kufuata matuta. Upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwaruza kidogo, kwa kuwa manyoya yote yamelala kuelekea upande mmoja. Manyoya yakielekea juu, mtazamaji anaona ndani ya unyoya na rangi inakolea. Yakielekea chini, rangi inapauka na kung'aa. Ndiyo maana mafundi wengi hukata suti manyoya yakielekea juu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kila kipande kifuate upande uleule: mgongo, mikono, ukosi, vifuniko vya mifuko, miguu yote miwili. Fundi akigeuza mguu mmoja ili kuokoa kitambaa, suruali itaonekana ya rangi mbili juani, na dawa ni kukata upya. Kwa hiyo, kama suti yako hula mita 3 na nusu za kitambaa cha upana wa sentimita 150, nunua 4. Kila kipande kiwekewe mshale wa chaki kwa upande wa nyuma kabla mkasi haujagusa.

Unapoivaa, vingine navyo viwe vikavu, visivyong'aa: shati la oksfodi lenye vifungo kwenye kola, tai ya sufu ya kufuma, viatu vya ngozi yenye unyoya au vya kutumbukiza. Tai ya hariri inayometameta hugombana na matuta. Rangi za kahawia, kijani cha zeituni na buluu iliyoiva hazikosei. Agiza suruali mbili kwa koti moja, kwani makalio na magoti hupata upara mapema, na pochi ya mfuko wa nyuma huharakisha.

Pasi ipitie upande wa nyuma tu, kwa mvuke, kitambaa kikilala juu ya taulo nene. Suruali ifuliwe imegeuzwa, maji yasizidi nyuzi 30, ikaukie kivulini, kisha ipigwe brashi kufuata matuta. Koti lipelekwe kwa dobi wa kusafisha bila maji.

Makoti haya hufika pia kwenye marobota ya mitumba, na kwenye baridi ya Njombe au Limuru mwezi wa Julai yana kazi ya kutosha. Ukilipata, likunje kiwiko na ulitazame kwenye mwanga. Tuta lililolala huamka kwa mvuke na brashi. Ukiona nyuzi za mtande zimebaki uchi, manyoya hayarudi, na hapo kinachofaa ni kiraka cha ngozi.