Zile karatasi za hesabu za kulipia, mtoto anapata nini hasa?

Swali hili linanifikia sana siku hizi, mara nyingi usiku, tena kwa voisi noti ya WhatsApp: mwalimu samahani kwa usumbufu, hivi zile klasi za karatasi, mtoto analipiwa senta anapewa karatasi za maswali ya hesabu kila siku, zina faida kweli au tunaliwa hela tu? Wanaouliza wako Dar, wako Nairobi, wengine ni ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza ambako kuna senta za namna hii kila kona. Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi na sasa kazi yangu ni kukaa na walimu wa madarasa ya chini, kwa hiyo nina maoni, na nitayasema, ila jibu langu sio ndio wala hapana.

Tuanze na mfano unaojulikana kuliko wote, Kumon. Ilianza Japani, Osaka, mwaka 1954. Toru Kumon alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, mtoto wake Takeshi akiwa darasa la pili akarudi na matokeo mabaya, baba mtu akaanza kumwandikia maswali kwa mkono, karatasi kadhaa kila siku, rahisi kwanza halafu zinapanda kidogokidogo. Takeshi alipofika darasa la sita alikuwa ameshaingia kwenye kalkulasi, hesabu za sekondari ya juu. Kampuni ikaanzishwa 1958 na leo mfumo uko nchi nyingi. Utaratibu ni uleule: mtoto anapimwa, anaanzishwa CHINI ya uwezo wake (hapa ndipo wazazi wengi wanakasirika, mtoto wa darasa la 4 anapewa kujumlisha 3 na 5), anaenda senta mara mbili kwa wiki, siku nyingine anafanya nyumbani, muda unaandikwa, akikosea anarudia mpaka karatasi nzima iwe na tiki. Kwa Marekani senta nyingi zinatoza zaidi ya dola 100 kwa mwezi kwa somo moja. Hapa kwetu kuna wengine wengi wanaofanya kitu kinachofanana kwa jina lingine na bei nyingine, na ubora wao unatofautiana kuliko mbingu na ardhi.

Sasa, faida ipo na mimi siwezi kuikana. Mpe mtoto 3,456 gawanya kwa 8. Kama 8 mara 4 lazima ahesabie vidole, ikifika katikati ameshasahau alikuwa anagawanya nini, maana akili inashika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, na vidole vimeshachukua nafasi yote. Mtoto ambaye tebo za kuzidisha ziko kichwani anabaki na nafasi ya kufikiria hatua inayofuata, kama dereva asiyeangalia tena mkono wake ukibadili gia. Na hiyo haiji kwa maelezo, inakuja kwa kurudiarudia, kidogo kila siku. Mjerumani mmoja aliyechunguza kumbukumbu, Ebbinghaus, aliandika tangu 1885 kwamba kurudia kulikotawanywa siku nyingi kunakaa kuliko kukesha usiku mmoja, na hakuna aliyempinga mpaka leo kwa maana ya kumpinga kweli. Kwa hiyo dakika ishirini thelathini kila siku, kwenye kiwango sahihi, ni dawa nzuri. Darasa lenye watoto 80 mwalimu hawezi kuitoa, hata awe malaika.

Lakini sikiliza habari ya Benny.

Mwaka 1973 mtafiti anaitwa Stanley Erlwanger alichapisha mazungumzo yake na mvulana wa miaka 12 huko Marekani, akamwita Benny. Shule yake ilikuwa inatumia mfumo wa karatasi, kila mtoto anaenda kwa mwendo wake, anafanya, anasahihishiwa kwa kufuata majibu yaliyoandikwa tayari, akipata asilimia 80 anapanda. Benny alikuwa kwenye mfumo huo tangu darasa la pili na alihesabiwa kuwa miongoni mwa wanaofanya vizuri. Erlwanger akakaa naye akamuuliza tu, hii umefanyaje? Benny akamwambia 2/10 ukiigeuza desimali ni 1.2. Na 5/10 ni 1.5. Na 4/11 nayo ni 1.5, na 11/4 hiyohiyo 1.5. Unaona alichokuwa anafanya? Anajumlisha kiasi na asili, yaani namba ya juu na ya chini, halafu anaweka nukta mahali. Na 0.3 jumlisha 0.4 kwake ilikuwa 0.07. Alikuwa na kanuni zake kamili, za kujitungia, na aliamini hesabu ndivyo zilivyo, ni kuwinda jibu lifanane na lile lililoandikwa kwenye ufunguo, basi. Miaka minne anapanda levo na hakuna mtu aliyejua, kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza.

Mimi kila nikiingia darasani namuona Benny. Mtoto anaandika 52 toa 27 ni 35. Ukiangalia haraka unasema amekosea kizembe, kumbe hapana, anatoa namba ndogo kwenye kubwa kila safu, 7 toa 2, 5 toa 2, hajali ipi iko juu. Ukimpa 48 toa 23 anapata, ukimpa 69 toa 34 anapata, yaani nusu ya karatasi ina tiki na wewe mzazi unafurahi. Kumpa karatasi nyingine ishirini za kutoa ni kumfanya azidi kuizoea kanuni yake mbovu. Anachohitaji ni mtu akae naye na vijiti, bando la kumi na vya mojamoja, amwambie nitolee saba hapa kwenye viwili, tuone.

Na kinyume chake pia kipo. Recife, Brazili, watafiti watatu, Carraher, Carraher na Schliemann, walichapisha 1985 habari za watoto waliokuwa wanauza vitu mtaani. Waliwauliza hesabu palepale kwenye biashara, nazi kumi bei gani kama moja ni 35, nikikupa noti hii chenji ngapi, wakapata karibu zote, asilimia 98. Hesabu zilezile zikaja kuandikwa kwenye karatasi kama za shule, wakaanguka mpaka asilimia 37 hivi. Mtoto anayeuza mifuko Kariakoo ukimpima kwa karatasi utamwandikia hajui hesabu, mpe noti ya elfu kumi uone kama atakuibia au atakurudishia sawasawa.

Kwa hiyo ninachowaambia wazazi ni hiki: unachonunua pale senta sio karatasi. Karatasi ni rahisi, unaweza kutoa kopi stesheneri ya jirani. Unachonunua ni jicho la anayesahihisha. Kama pale kuna mwalimu anayeangalia KOSA na kumuuliza mtoto umefikaje hapa, hela yako imeenda mahali pazuri. Kama kuna binti amemaliza kidato cha nne juzi, ana ufunguo wa majibu na kalamu nyekundu, na watoto 30 mbele yake, unalipia ulinzi wa mtoto mchana.

Kuna udhaifu mwingine ambao hausemwi sana. Karatasi nyingi za hivi zinapanga maswali ya aina moja pamoja, ukurasa mzima ni kuzidisha, ukurasa unaofuata kugawanya. Mtoto haamui kitu, anajua tayari cha kufanya kabla hajasoma swali. Watafiti Rohrer na Taylor walijaribu hili 2007 kwa wanafunzi wa chuo, kundi moja likafanya mazoezi yamepangwa aina kwa aina, lingine mchanganyiko. Kwenye mazoezi yenyewe waliopangiwa walipata asilimia 89, wa mchanganyiko 60. Wiki moja baadaye mtihani: waliopangiwa 20, wa mchanganyiko 63. Soma tena hizo namba taratibu. Yaani karatasi iliyojaa tiki inaweza kukudanganya wewe na mtoto wako pamoja. Ndio maana unakuta mtoto yuko mbali kwenye levo za senta, halafu fumbo la darasa la tatu, Asha ana machungwa mara tatu ya Juma, anakuuliza mama hii ni ya kujumlisha au kuzidisha? Na maumbo, vipimo, kusoma saa, kusoma grafu, hizo programu nyingi zinazipitia kwa juujuu au hazizigusi kabisa, wakati mtihani wa shule unazitaka.

Watoto wa miaka mitatu minne sitaongea sana. Usimpeleke. Acheze, ahesabu vijiko, apange viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa. Kalamu itakuja.

Sasa nani aende? Mimi ningempeleka mtoto wa darasa la 3 mpaka la 6 ambaye anaelewa ukimwelezea, fumbo analichora vizuri, ila anachelewa na kukosea kwa sababu tebo hazijakaa. Huyo karatasi zitamfaa kweli, miezi sita au mwaka. Ambaye haelewi makumi na mamoja, huyo anahitaji mtu na vijiti kwanza. Na ambaye yuko vizuri kila kitu ila wewe unataka awe mbele ya wenzake, hapo ni hamu yako, sikulaumu, lakini chesi au kusoma hadithi vitampa zaidi. Kujua mtoto wako ni yupi huhitaji mtaalamu. Muulize 7 mara 8, hesabu moyoni kimyakimya mpaka tatu, kama hajajibu ujue tebo hazijakaa. Halafu mpe fumbo moja la dukani, la hatua mbili, akueleze kwa mdomo. Dakika kumi mmemaliza.

Na kwa ambaye ada hiyo hana, wala usijione umemnyima mtoto. Lile wazo la kuanzia pale mtoto alipo badala ya darasa alilopo halina hatimiliki. Kule India shirika la Pratham linawagawa watoto kwa kiwango badala ya umri, wanatumia mabando ya vijiti, michezo na kuongea, na njia hiyo imeshafika Zambia na Kenya pia. Nyumbani kwako daftari la vimraba linatosha: maswali kumi, mchanganyiko, mawili ya leo, matatu ya wiki iliyopita, mengine ya zamani, na fumbo moja la hela. Kila siku baada ya uji wa jioni au wakati wowote ambao hamgombani. Msahihishe pamoja. Swali alilokosa usimwambie jibu, mwambie nieleze ulivyofanya, kisha nyamaza. Kunyamaza ndio kugumu, najua, mkono unawasha.

Stika na zawadi kwa kila karatasi nenda nazo taratibu. Mtafiti Lepper na wenzake 1973 waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, na baadaye wale walioahidiwa wakawa wanachora kidogo kuliko wenzao.

Kama umeshaamua kulipa, basi siku ya kwenda kuandikisha usiangalie ukuta wenye picha za washindi. Omba wakuonyeshe karatasi za mtoto yeyote, wafunike jina, zile zenye makosa, na uulize kosa hili mlilifanyia nini. Akikwambia alirudia mpaka akapata, uliza tena, alirudia VIPI, nani alikaa naye, alikuwa anafikiri nini. Mwalimu mzuri atachangamka hapo, atakueleza mpaka uchoke, na huyo mlipe bila kuomba punguzo. Akikuangalia kama umeuliza kitu cha ajabu, aga vizuri, hela hiyo mtafute mwanafunzi wa chuo cha ualimu aliyeko mtaani kwenu, saa moja Jumamosi asubuhi, mezani kwako, wewe ukiwa jikoni unasikia wanavyoongea.