Uso Unaamuliwa kwenye Karatasi: Ninachojifunza kwa Seydou Keïta

Ipo picha ya Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, ambayo wengi wenu mmeshaiona: kijana wa Bamako amevaa suti nyeupe na tai, miwani ya fremu nene, mkononi kashika ua. Ilipigwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila anapokuja mtu kujifunza kuchapa picha kwangu, hiyo ndiyo ninayomwekea mezani kwanza. Suti nyeupe pe, ngozi nyeusi, na karatasi moja inayotakiwa ibebe vyote viwili. Ukichapa ili mikunjo ya suti ionekane, uso unazama. Ukiufuata uso, suti inabaki weupe mtupu usio na kitambaa ndani yake. Negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo picha huchapwa kutoka kwayo, inavyo vyote. Anayesimama chumba cha giza, mahali picha zinapochapwa, ndiye anayeamua huyu kijana atakuwa nani.

Keïta alifungua studio yake Bamako-Coura, jirani na stesheni ya reli, mwaka 1948. Kazi ya chumba cha giza aliipata kwa Mountaga Dembélé, mpiga picha aliyemtangulia mjini pale. Kamera aliyokuja kuitegemea ilitoa negativu za sentimita 13 kwa 18. Ili ujue ukubwa huo una maana gani: eneo lake ni kama mara 27 ya filamu ndogo ya milimita 35. Uzi wa darizi na nywele za nyusi vinakaa bila kusagika. Tena filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja alipigwa picha moja tu. Moja, basi.

Hapa ndipo jicho linapofanya kazi kwa namna ambayo simu haiwezi kukufundisha. Unajifunika kitambaa cheusi, unamtazama mtu kwenye kioo cha nyuma ya kamera, miguu juu kichwa chini. Hali hiyo inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa unaacha kuona "bibi harusi" na kuanza kuona vipande vya mwanga na giza, na bega lililokaa vibaya. Ukishamaliza fokasi unafunga lenzi na kuingiza kaseti ya filamu, na kuanzia hapo kioo hakionyeshi kitu tena. Unatoka chini ya kitambaa, unasimama kando ya kamera, unamtazama mwenzio kwa macho yako mawili mpaka uso utulie. Picha inapigwa huku mnaangaliana.

Kwa Keïta kulikuwa na jambo moja zaidi. Nakala za wateja alizichapa kwa kulaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, bila mashine ya kukuzia. Maana yake alichokiona kwenye kioo kilikuwa na ukubwa ule ule wa picha ambayo mteja angeondoka nayo, aiweke kwenye fremu au aitume kwa ndugu. Alijua kabla ya kupiga kwamba uso huu utatazamwa kutoka urefu wa mkono, na vidole vya mtazamaji vikigusa ukingo wake. Naamini ndiyo sababu aliweza kuweka gauni la maua mbele ya pazia la maua bila picha kuvurugika: kwa kipimo kile jicho linazipokea nakshi zote kwa pamoja, na uso unajitenga wenyewe.

Sasa chumba cha giza, ambako ndiko ninakoshinda. Mfano wangu uwe mzee aliyevaa kanzu, maana hesabu yake ni ile ile ya suti nyeupe. Kipima mwanga hakijui kanzu wala ngozi. Chochote unachokielekezea kinataka kiwe kijivu cha katikati. Ukikielekezea kanzu, uso umeupoteza kabla hujafungua shata. Mimi napima upande wa uso wenye kivuli, kisha natoa mwanga pungufu kwa stopu moja, yaani nusu ya kilivyoniambia, ili ngozi ibaki nyeusi kwa haki yake. Halafu wakati wa kusafisha filamu napunguza muda kwa takriban asilimia 15, ili kanzu isipande hadi ikose mikunjo.

Kwenye karatasi, kipande cha majaribio, kile ninachokipa mwanga kwa sekunde tofauti ili nichague, nakikata kipite usoni, kuanzia paji la uso hadi kwenye kola. Wengi hukikata pazia la nyuma, na pazia halina cha kuwaambia. Natafuta sekunde ambazo shavu lina mwanga wake na chini ya taya bado pana ngozi. Ngozi nyeusi hujengwa na ile ming'ao midogo ya kwenye paji, mfupa wa shavu na pua, na zaidi na njia ya kijivu inayounganisha mng'ao mmoja na mwingine. Gredi ni kipimo cha kontrasti ya karatasi: namba ikipanda, nyeusi na nyeupe zinaachana zaidi. Kwa gredi 2 njia hiyo ipo. Ukipanda gredi 4, ming'ao inaruka mbele, katikati panakuwa lami, na mzee wa watu amegeuka kinyago. Kanzu naiongezea mwanga baadaye kwa gredi ya chini, uso nikiukinga kwa kadi.

Joto letu nalo lina sauti. Dawa ya karatasi inataka nyuzi 20 hivi, na maji ya bomba Dar es Salaam hayafiki huko hata usiku. Barafu naifunga kwenye mfuko usiovuja na kuizungusha ndani ya trei. Dawa ikiwa ya moto weusi unakuja mbio, mtu anashtuka, anaitoa karatasi mapema, na uso unabaki na mabaka. Halafu karatasi nzito ya nyuzi hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilipokuwa majini. Kwa hiyo uso nauhukumu kesho yake, ukiwa mkavu, karibu na dirisha.

Mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York bila jina lake. Mwaka 1994 zikawa Paris, kwenye jumba la sanaa la Fondation Cartier, na nakala mpya zikaendelea kukuzwa, nyingine kupita mita moja, kwa kontrasti kali. Nazistahi, bila hizo wengi tusingemjua, na Keïta alikuwa hai kuiona heshima hiyo kabla ya kufariki mwaka 2001. Lakini zimefanya uamuzi mwingine. Weusi umekuwa mzito, nyeupe inawaka, nakshi za mavazi zimekuja mbele, na ile njia ya kijivu shavuni imekatika. Mtu aliyechapwa akae mkononi mwa dada yake anachapwa asimame ukutani mbele ya wageni. Kama ningepewa kuchagua, ningebaki na ile ndogo, hata iliyokunjika pembe.

Ndiyo maana siku hizi kila bahasha ya negativu yangu ina nakala moja kavu ya ukubwa ule ule, na nyuma yake kwa penseli: karatasi, gredi, sekunde, wapi nimekinga na wapi nimeongeza. Atakayechapa baada yangu yuko huru kufanya anavyoona, ila atakuwa ameuona uso kama tulivyokubaliana na mwenyewe siku alipokuja kuuchukua.